Kiwanda Chenye Adabu

Asubuhi ya Jumanne, kabla umande haujakauka kwenye majani ya chai, Drusilla alipanda kutoka kisimani na debe la maji kichwani, akagonga ukuta wa kiwanda. Ukuta huo jana haukuwapo. Jana hapo palikuwa na njia ya miguu, migomba miwili na jiwe ambalo alizoea kupumzikia akijitwika mzigo mzito. Nusu ya maji ilimwagika ikamlowesha mpaka kwenye viatu vya plastiki, naye akatoa tusi dogo, la kiasi kile ambacho muumini wa Sabato anaweza kujiruhusu siku ya Jumanne. Kisha akauzunguka ukuta, akaikuta njia upande wa pili, akaenda zake kupika uji.

Kiwanda kilikuwa kimekua tena, basi. Hilo halikuwa jambo la kumfanya mtu achelewe na uji.

Kiwanda hicho cha chai cha Riambori, ng'ambo ya kilima kutoka Itumbe, kilijengwa miaka ya mwanzo ya uhuru, nacho kwa muda mrefu kilikuwa na ukubwa wa kiungwana. Kilikunywa mafuta yaliyoletwa kwa lori kutoka Kisumu, kikakausha chai, kikanyamaza. Kwa miaka yote hiyo ya mafuta hakikuongezeka hata unene wa ukucha. Halafu Waarabu na Wayahudi wakapigana huko kwao, mafuta yakawa ghali hayashikiki, na kamati ya wakulima ikakata shauri kwamba boila, lile pipa kubwa la kuchemshia maji ya mvuke wa kukaushia chai, ilishwe kuni. Kuni zilikuwa tele. Hakukuwa na boma lisilokuwa na mikaratusi yake, imesimama mstari kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha. Boila ilibadilishwa tumbo, kuni zikaingia, na kabla mwezi haujaisha chumba cha kunyaushia majani kikaota dirisha.

Watu wa Riambori waliiona sababu papo hapo. Mafuta ni kitu kilichokufa zamani, tena chini ya ardhi ya watu wengine. Ukila mzoga hunenepi. Lakini mti ni kitu kinachokua, na mkaratusi ndio usiojua hata kupumzika. Mlishe mtu kitu kinachokua, naye atakua. Fundi mmoja alitumwa kutoka Nairobi kuja kupima. Alipima, akala chakula cha mchana, akapima tena akakuta vipimo vya asubuhi vimepitwa, akaandika kwamba hali ni ya kawaida kwa jengo la umri huo. Aliomba gunia dogo la chai ile ya kwenda ng'ambo, akaondoka nalo.

Kiwanda kilikua siku zote isipokuwa Jumamosi, kwa kuwa kuni nyingi zilitoka kwa Wasabato. Wakatoliki wa upande wa chini walipoanza kuleta za kwao, ubavu wa magharibi ukashika desturi ya kukua Jumamosi na kupumzika Jumapili, matokeo yake jengo zima likaanza kwenda mshazari. Mchungaji na Padre walikutana juu ya hilo jambo kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. Wakanywa chai, wakaona kuwa ni suala la serikali.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Cleophas, mwenyekiti wa kamati, mtu wa kofia ya kaki na tumbo la kutangulia. Cleophas aliuchukulia ukuaji ule kuwa kazi ya mikono yake, kama jogoo anavyodhani jua limetoka kwa sababu yeye amewika. Kila mkutano aliwaambia wakulima waangalie bomba la moshi, ambalo sasa lilikuwa limezaa bomba jingine dogo pembeni, akawauliza ni nani mwingine nchini aliyeona maendeleo ya namna hiyo. Wakulima waliangalia, wakakubali kwamba hawajaona.

Cleophas alikuwa kaka mkubwa wa Ishmael, na Ishmael ndiye mume wa Drusilla. Ishmael alifanya kazi kwenye boila hiyohiyo ya kiwanda, kazi ya kutia kuni. Alikuwa mwanamume mpole, hodari wa kutopingana na mtu. Bendera hufuata upepo, lakini Ishmael hata upepo usipokuwapo alikuwa anauliza utatokea upande gani ajigeuze mapema. Drusilla alimpenda kwa upole huohuo uliomfanya akubali kuolewa naye, na upole huohuo ulimchosha roho.

Sasa, shida ya kitu kinachokua ni kwamba njaa yake haibaki nyuma. Mikaratusi ya kilimani iliisha. Ikaja mikaratusi ya mabondeni, nayo ikaisha. Kilima cha Riambori kikabaki kipara kama kichwa cha mjane aliyetoka kunyolewa, na udongo wake ukawa unateremka kila mvua ikinyesha, unakwenda kukaa kwenye mashamba ya watu wengine bila kuaga. Kiwanda kilipokosa kuni za kutosha hakikulia wala hakikufanya fujo. Kilisimama tu pale kilipo, kimelegea kidogo upande wa mlango, na Cleophas akakosa usingizi.

Miti iliyobaki ilikuwa ya Mzee Nyangate, baba yao Cleophas na Ishmael, marehemu. Ilizunguka kisima alichokuwa akiteka Drusilla na wanawake wa upande ule wote: mikuyu yenye kifua kipana na mizambarau ya mwitu, yote mzee aliipanda kwa mikono yake alipokuwa kijana, akiwaambia watu kwamba maji ni mgeni, usipomwekea kivuli hakai. Chini ya miti ile maji yalitoka mwaka mzima, baridi ya kuumiza meno.

Mzee Nyangate mwenyewe alisifika kwa adabu. Katika nchi ya Abagusii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ndiyo chinsoni, ile haya wanayooneana wakwe, na mtu anayeivunja heri avunje mguu. Lakini Mzee Nyangate alizidi. Akipita kwa Drusilla alikohoa tangu kwenye migomba ili mkaza mwana ajisitiri: kikohozi kifupi, kisha kirefu, kama mtu anayefungua kufuli lenye kutu. Siku moja mvua ya mawe ilimkuta uani pale. Drusilla alimsogezea kigoda, naye mzee alisimama nje amejitwika kigoda kichwani, mlango ameupa mgongo, akazungumza mpaka mawe yakaisha habari za ng'ombe wake mmoja aliyekataa kukamuliwa. Hakuingiza hata kisigino. Drusilla alimheshimu kuliko mwanamume yeyote aliyewahi kumjua, na alipokufa alilia kilio ambacho hakumlilia hata mama yake.

Basi Cleophas aliitisha mkutano kwenye kituo cha kununulia chai. Alieleza kwa kirefu kwamba kiwanda kimefika umri mbaya, umri wa kijana anayeota ndevu, na kijana kama huyo akinyimwa chakula hudumaa. Akapendekeza miti ya kisimani. Wakulima wakaitikia. Drusilla alisimama na kikapu cha chai bado mgongoni, akasema kwamba maji yale yanakaa kwa sababu ya miti ile, na kwamba wanaoyachota hawapo kwenye kamati. Cleophas akamjibu kwamba maendeleo yana gharama zake. Drusilla hakukaa.

"Shemeji," akasema, "naomba tu nijue. Kiwanda hiki kikifika wapi ndiyo kitakuwa kimetosha?"

Hakuna aliyewahi kuliwaza swali lenyewe, na wengi waliliona halina adabu.

"Shemeji," akasema Cleophas, "kitu kikitosha, kimekufa."

Watu wakapiga makofi. Palikuwa na msomi mmoja mkutanoni, Bwana Momanyi, mzaliwa wa Keumbu, aliyetoka chuo kikuu kuja kuchunguza jamii na maendeleo yake, na ambaye alisema Kiswahili hata na mama yake mzazi ili utafiti usiharibike. Aliliandika swali la Drusilla, akalipigia mstari, akamwomba alirudie huku akiangalia kamera. Drusilla alilirudia. Picha ilitoka nzuri, wanasema iko Nairobi mpaka leo.

Miti ilikuwa urithi wa ndugu wote wawili, kwa hiyo Ishmael naye aliulizwa. Ishmael aliangalia viganja vyake, akaangalia koti jipya la kazini alilopewa wiki ile, akasema kaka ameshasema. Drusilla alitembea mbele yake njia nzima ya kurudi nyumbani. Usiku ule alimpa mboga ya chinsaga isiyotiwa maziwa, chungu ya kukunja uso. Ishmael aliila yote akashukuru.

Miti ikakatwa. Ishmael mwenyewe aliitia motoni, mkuyu baada ya mkuyu. Mikuyu ina maji mengi, ililia ndani ya boila kama watu, na Ishmael alisema baadaye kwamba kuni za baba zilikuwa kuni nzuri, ila zilichelewa kushika.

Juma lililofuata kiwanda kilikohoa. Kilikohoa kikohozi kifupi, kisha kirefu, kama kufuli lenye kutu. Drusilla alikuwa shambani akichuma chai, na kabla hajafikiri lolote mikono yake ilikuwa imeshashusha sketi iliyopandishwa na kumtanda leso mabegani. Wanawake wote wa mstari ule walifanya vilevile.

"Ni Mzee," akasema Bathsheba, jirani yake, akaendelea kuchuma.

Wazee walipoulizwa walisema ni yeye, nani tena. Miti aliyoipanda ndiyo sasa inayokua, na mtu hubaki katika alichokipanda. Cleophas alifurahi mno. Aliutangazia mkutano kwamba baba yake amejiunga na kamati.

Kuanzia hapo kiwanda kilikua kwa kuteremka, kuelekea nyumbani kwa Drusilla. Kilifika siku ya Jumatatu. Ishmael alikuwa ameshatoa kitanda, sufuria na picha ya harusi akavipanga chini ya migomba, maana alisema mwenye nguvu mpishe. Drusilla alikataa kutoka. Alikaa jikoni akisonga ugali wa wimbi, akausikia ukuta ukija, matofali yakisukumana polepole kama ng'ombe wanaoingia zizini. Karibu na mlango ukuta ukakohoa. Halafu ukasimama.

Haukusogea tena. Baada ya muda uligeuka, ukampa mlango mgongo, upande usiokuwa na dirisha hata moja, kisha ukapita kulia na kushoto ya nyumba, ukakutana nyuma ya choo. Hata paa lake liliinuliwa kidogo pembeni lisichungulie uani. Watu walikuja kuangalia, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Wangeshangaa kama Mzee Nyangate angeingia. Ishmael alirudisha kitanda ndani, na tangu siku hiyo walikaa ndani ya ua katikati ya kiwanda, wakienda na kurudi kwa kupitia chumba cha kuchambulia chai. Nguo zao zote zikawa zinanukia chai. Si harufu mbaya, ukiizoea.

Lakini chinsoni inalinda nyumba, haikingi kisima. Maji yalikuwa yamepungua tangu miti ilipokatwa. Wanawake sasa walichota kwa kibuyu kidogo, wakisubiriana, wakigombana na watu ambao hawajawahi kugombana nao. Na kiwanda, baada ya kuizunguka nyumba, kilikuwa kinaendelea kuteremka huko huko, kwa mwendo wa mtu mzima asiye na haraka lakini anajua aendako. Boila inahitaji maji. Hilo nalo lilijulikana.

Drusilla aliwaza wiki nzima. Siku ya Sabato mahubiri yalimpita juu ya kichwa, na wakati wengine wanafungua kitabu cha nyimbo yeye akamnong'oneza Bathsheba. Kama baba mkwe haingii nyumba ya mkaza mwana, basi pajengwe nyumba ya mkaza mwana palepale kisimani. Bathsheba alicheka mpaka mzee wa kanisa akamwangalia. Kisha akasema itawezekana.

Wanawake walikusanyika risaga, ile kazi ya kusaidiana ambayo hakuna anayelipwa ila kila mtu anashibishwa. Walichimba mashimo, wakasimamisha nguzo, wakasuka fito, wakakanda udongo kwa miguu wakiimba nyimbo ambazo si za kanisani. Wana wa Bathsheba walipanda juu kuezeka, wakapewa kinywaji ambacho kanisa lilikikataza, na kanisa halikuuliza. Nyumba ikawa nyumba, yenye mlango, mafiga matatu, na kisima kikibubujika kwa unyonge kwenye pembe ambayo mtu mwingine angeweka jiwe la kusagia. Wakati ule hata mkuu wa wilaya hakuwa na maji ndani ya nyumba. Drusilla alisimama katikati, udongo mpaka kwenye viwiko, akawa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu siku ya harusi.

Kulibaki neno moja. Nyumba ya mke haiwi nyumba mpaka mume amelala humo usiku. Bila hivyo ni kibanda, na kibanda baba mkwe anaingia kama anavyoingia zizini.

"Usiku mmoja tu," Bathsheba alimwambia Ishmael. "Hata ukikoroma."

Ishmael alikubali. Si alikuwa anakubali kila kitu? Alisema atalala kesho. Kesho yake Cleophas alimpandisha cheo, akamfanya msimamizi wa boila zamu ya usiku, cheo chenye filimbi shingoni. Ishmael hakuweza kukataa filimbi. Aliwaambia wanawake wasijali, atalala mchana. Na kweli, asubuhi alikuja akanyoosha mkeka ndani ya ile nyumba, akalala mpaka alasiri, visigino vikiwa majini. Wanawake wakamtuma mtu kwa Mzee Okemwa, aliyejua sheria za nyumba kuliko wote. Mzee Okemwa alifikiri, akatema mate, akasema usingizi wa mchana ni uchovu tu, haujengi nyumba ya mtu.

Hivyo wakangoja Ishmael apate usiku wa mapumziko. Kila alipokaribia kuupata, kulitokea jambo. Kuni zimechelewa, au mwenzake ana homa, au mgeni anakuja kuona boila usiku. Drusilla alimkumbusha kwa upole, akamkumbusha kwa ukali, akamkumbusha kwa kuku wa kuchemsha. Ishmael alikula kuku akasema kesho, hakika.

Ukuta ukafika kisimani kabla ya usiku huo kupatikana. Drusilla alikuwa ndani amewasha moto, sufuria ya maji i jikoni. Akakisikia kikohozi, kifupi, kisha kirefu. Akajitanda leso.

"Nipo, Tata," akaitikia, kwa neno hilo la "baba" alilomwita tangu siku alipoolewa. "Umefika nyumbani kwangu."

Ukuta ukasimama. Ukangoja kidogo, kama mtu anayetafuta pa kuweka fimbo, halafu ukageuza mgongo. Drusilla alikaa chini akacheka peke yake, machozi yakamtoka. Alikuwa amemdanganya baba mkwe, na moyo wake haukuona uzito wowote. Maji yakaendelea kutoka pembeni, kidogo kidogo. Wanawake walikuja na madebe yao, wakabisha hodi, wakachota.

Lakini kitu kinachokua, ukikizuia huku kitatokea kule. Kiwanda kiligeukia upande wa juu, kwa Cleophas. Nyumba yake kiliizunguka kwa heshima, maana Cleophas naye ni mwana aliyeoa. Banda la gari halikuhusika na chinsoni. Kiwanda kikala banda, kikala Pijo iliyokuwa ndani yake, kikala chai ya Cleophas mistari na mistari, chai bora kuliko zote Riambori. Kwa mara ya kwanza Cleophas aliangalia bomba la moshi bila kumwonyesha mtu.

Jioni hiyohiyo alimshika Ishmael mkono akateremka naye kisimani, na nusu ya kijiji ikafuata. Alimsimamisha mbele ya ukuta, mahali ulipokuwa umegeuza mgongo.

"Mwambie baba ukweli," akasema.

Ishmael alivua kofia. Aliangalia chini, akaangalia nyumba ya udongo, na Drusilla mlangoni, mikono kiunoni. Filimbi ilining'inia kifuani mwake. Wote walijua atakachosema, na Drusilla alijua kabla yao.

"Tata," akasema, "mimi sijalala humo."

Matofali ya ukuta yalisikika yakijigeuza, moja moja.

Drusilla alitoka mlangoni. Hakupaza sauti. "Baba yako ulimtia motoni kipande kwa kipande," akamwambia, "hukuona haya. Leo ndiyo umeona haya kumdanganya?"

Hakuna aliyemsaidia Ishmael. Bathsheba aliangalia pembeni.

"Basi lala leo," akasema Drusilla, na sasa alikuwa anaomba. "Leo tu, Ishmael. Yeye atangoja. Ana adabu."

Na kweli ukuta ulingoja. Ulisimama umegeuka nusu, wala hauji wala hauendi, na watu wote wakangoja nao. Maji yalisikika ndani ya nyumba. Ishmael akapiga hatua moja kuelekea mlangoni. Hiyo kila mtu aliiona, na Drusilla aliishika moyoni muda mrefu, maana ndiyo pekee aliyopata. Kisha king'ora cha kiwanda kikalia, kuita zamu ya usiku.

Ishmael alimwangalia kaka yake, akaangalia bomba la moshi.

"Kesho," akasema.

Akavaa kofia akapanda kilima. Watu wakamfuata mmoja mmoja, maana giza lilikuwa linaingia na hapakuwa na cha kuona zaidi. Drusilla aliingia ndani, akaepua sufuria, akazima moto kwa maji ya kisima, akatoka na kibuyu chake. Ukuta ukakohoa kikohozi cha mtu anayeomba radhi. Halafu ukaingia taratibu, bila kuvunja hata chungu.

Siku hizo kulikuwa na wageni wengi. Bwana Momanyi alirudi na wenzake wa chuo, akawaonyesha ile nyumba ya katikati iliyozungukwa na kuta zisizo na dirisha, akawaeleza kwamba huo ni mfano adimu wa kiwanda kinachoheshimu utamaduni wa wenyeji. Maji ya kisima yaliingia kwenye boila kwa bomba, na boila ikawa haijawahi kufanya kazi vizuri namna ile. Cleophas alipewa Pijo nyingine na kamati, ya kumpoza. Wanawake wakaanza kuteka mtoni, bonde la tatu kutoka pale, wakiondoka kabla jogoo hajawika. Drusilla akirudi na debe kichwani, bawabu wa lango alimsimamisha na kumuuliza anakwenda wapi, naye alijibu anakwenda nyumbani, na bawabu akatazama ndani ya debe kabla ya kumruhusu. Kazi yake ilikuwa hiyo. Kiwanda kiliendelea kukua, na kuni zikawa zinatoka upande wa Kenyenya.

Ishmael hatimaye alipata usiku wake wa mapumziko, siku ya Alhamisi. Alirudi nyumbani jua likizama, ameoga kazini, amefurahi, filimbi ameitia mfukoni. Drusilla alikuwa amesonga ugali wa wimbi na kupika chinsaga, safari hii kwa maziwa. Aliweka chakula mezani, akaketi. Debe lilikuwa pembeni, kavu, limeinamishwa.

Ishmael alikunja mikono ya shati, akanyoosha vidole mbele yake, akangoja. Alipoona hakuna anayemmiminia, akauliza maji ya kunawa yako wapi.

"Kamwombe baba yako," akasema Drusilla.

Hakusema kwa hasira. Ishmael alimtazama, akaona ni kweli. Akainuka, akatoka uani, akasimama mbele ya ukuta, akavua kofia. Akakinga viganja vyote viwili, akaomba kwa adabu kama alivyofunzwa. Ukuta ukakohoa, kifupi, kisha kirefu. Haukuwa na dirisha upande huo, wala bomba, wala ufa wa kupitisha tone. Ishmael aliendelea kukinga mikono. Ndani, Drusilla alimega tonge akaanza kula.